Miezi Sitini: Kukusanya Anwani na Kazi Zako Kabla ya Kuomba Uraia wa Marekani

Wengi wanaojiandaa kuomba uraia wa Marekani huanzia kwenye maswali ya historia na serikali. Wanayasoma kwenye basi, wanayasikiliza kwenye simu wakiosha vyombo, watoto wanawauliza mezani jioni: Rais wa kwanza nani, maseneta wako wangapi. Ni maandalizi mazuri na yaendelee. Lakini fomu yenyewe, N-400, ina maswali mengine ambayo hayana kitabu cha kukariri. Katika miaka mitano iliyopita umeishi nyumba zipi, kuanzia tarehe gani hadi tarehe gani? Umefanya kazi kwa nani, wapi, kazi gani? Na miezi ambayo hukuwa na kazi ni ipi? Hapo mtu anayejua vizuri kwamba maseneta ni 100 hushika kichwa, kisha, kwa kuchoka, huanza kubahatisha.

Makala haya yameandikwa ili usibahatishe.

Ugumu wenyewe hautokani na uvivu. Familia iliyotoka kambi za Nyarugusu, Kakuma au Nakivale ilifikia kwenye nyumba iliyotafutwa na shirika la kupokea wakimbizi, na wengine walilala hotelini wiki za mwanzo. Mkataba wa kwanza ukiisha, wanahamia karibu na ndugu. Mara binamu anapiga simu kutoka Iowa: huku kiwanda cha nyama kinaajiri, njooni. Baada ya misimu miwili ya baridi wanarudi Kentucky kwa sababu bibi amewasili na anataka kuwa karibu na kanisa linalosali kwa Kiswahili. Mkenya au Mtanzania aliyekuja kwa masomo au kwa bahati nasibu ya viza naye ana safari zake: chumba kwa rafiki, sebule ya dada, kazi ya usiku kwenye nyumba ya wazee, mwisho wa wiki anaendesha Uber. Ni maisha ya halali na ya jasho. Ila fomu inataka yote yapangwe kwa mfuatano, ya karibuni yakitangulia, na kila mwezi uwe na mahali pake.

Kwanza jua unahesabu miaka mingapi. Mwenye kadi ya kijani kwa kawaida huomba baada ya miaka 5 ya ukaazi wa kudumu. Aliyeoa au kuolewa na raia, na wakawa wanaishi pamoja, anaweza kuomba baada ya miaka 3, na maelekezo ya fomu yanamwambia kipindi anachotakiwa kukieleza. Kwa mkimbizi, hesabu huanzia tarehe aliyoingia nchini, hata kama kadi aliipata baadaye. Tarehe hiyo imechapishwa kwenye kadi, pale inapoeleza amekuwa mkaazi tangu lini. Unaruhusiwa kupeleka ombi siku 90 kabla miaka yako haijatimia. Nashauri kazi ya kukusanya ianze mwaka mzima kabla ya hapo. Ofisi nyingine hujibu barua baada ya wiki nyingi, na mtu mwenye haraka ndiye anayeandika tarehe za kubuni.

Chukua daftari la shule, lile la mistari. Miaka 5 ni miezi 60. Andika miezi hiyo ukishuka ukurasani, ukianza na mwezi huu na kurudi nyuma, halafu gawa ukurasa safu nne: nilikolala, nilikofanya kazi, kama nilikuwa nje ya nchi, na karatasi inayothibitisha. Usiguse fomu ya serikali mpaka safu hizi zimejaa. Wanaopenda kufanya haya kwenye kompyuta wafanye. Mimi napenda daftari kwa sababu baba, mama na watoto wakubwa wanaweza kulizunguka mezani na kusahihishana. Baba anakumbuka mwezi alionunua gari, mama anakumbuka ujauzito, mtoto anakumbuka mwalimu wake wa darasa la tatu, na kati ya hao watatu nyumba inapata tarehe yake.

Ukikwama, acha kujiuliza ilikuwa tarehe ngapi. Jiulize ulikuwa nyumba gani wakati jambo fulani linatokea. Habari za kifo cha Rais Magufuli, Machi 2021, zilikukuta kwenye sebule ipi? Nyiragongo ilipolipuka Mei 22, 2021, nawe ukawa unapiga simu Goma usiku kucha, ulikuwa zamu gani kazini? Uchaguzi wa Kenya wa Agosti 9, 2022 uliufuatilia ukiwa Texas au ulikuwa umeshahamia Minnesota? Na waasi wa M23 walipoingia Goma mwishoni mwa Januari 2025? Kwa Waislamu, mfungo ni kalenda nzuri sana kwa sababu unasogea kila mwaka: hapa Marekani Ramadhani ya 2021 ilianza katikati ya Aprili, ya 2025 ikaanza Machi 1. Ukikumbuka daku ya kwanza uliyokula kwenye nyumba mpya, mwezi umeshaupata. Wakristo wana Pasaka, iliyoangukia Aprili 4 mwaka 2021 na Machi 31 mwaka 2024. Kumbukumbu za namna hii hazipelekwi kwa afisa yeyote. Zinakuonyesha pa kutafuta karatasi, na karatasi ndiyo inayotoa tarehe.

Karatasi ya kwanza ya anwani ni mkataba wa upangaji. Kama umeupoteza, ofisi ya jengo au mwenye nyumba huwa na nakala. Omba kwa maandishi, kwa ujumbe mfupi au barua pepe, barua inayotaja tarehe ulizoingia na kutoka. Tafuta pia kwenye barua pepe yako, maana mikataba mingi ya siku hizi husainiwa kwenye simu na nakala hutumwa hapo bila mtu kuitia maanani. Shule ya watoto huandika anwani ya familia kila inapobadilika na haikatai kumpa mzazi kumbukumbu hizo. Kliniki nayo ina anwani ya kila ziara. Kuna barua za bima ya afya, taarifa za benki, bili za umeme, bima ya gari, leseni ya udereva ya kila jimbo uliloishi. Wengi wetu pia tuna ushahidi mwingine ambao hatuufikirii, zile risiti za kutuma fedha nyumbani. Mtu aliyekuwa akimtumia mama yake fedha Kigoma kila mwisho wa mwezi ana kumbukumbu ya miaka mitano kwenye programu ya simu yake, na mara nyingi anwani ya mtumaji imo. Halafu fungua WhatsApp na utafute jina la mtaa wako wa zamani. Siku uliyohama ulimtumia mtu anwani mpya ili aje kukusaidia kubeba makochi, na ujumbe ule bado una tarehe yake.

Kuna ripoti moja ambayo watu wetu huiogopa bure, ripoti ya mikopo. Kampuni tatu, Equifax, Experian na TransUnion, hutunza historia ya mikopo ya kila mtu, na ndani yake kuna orodha ya anwani ulizowahi kutumia. Sheria inakupa haki ya kuiona bila malipo kupitia AnnualCreditReport.com, na kujiangalia mwenyewe hakushushi alama zako. Isome kwa uangalifu, kwa kuwa huwa na makosa: anwani ya mtu mnayeshabihiana majina, au nyumba ya rafiki uliyoitumia kupokea kadi ya benki. Itumie kukukumbusha, usiinakili ilivyo.

Sasa nije kwa watu ambao daftari lao hubaki jeupe muda mrefu kuliko la wengine, akina mama wa nyumbani na wazee. Mkataba una jina la mume. Umeme una jina la mume. Gari, bima, simu, vyote vyake. Mama huyu ameishi miaka mitano katika nchi hii na jina lake halimo kwenye karatasi hata moja ya nyumba aliyoifagia kila siku. Nimeona wake wanaandikiwa historia na waume zao kwa dakika tano, mume akidhani kwamba kwa kuwa waliishi pamoja basi majibu ni yale yale. Mara nyingi si yale yale. Mume alitangulia Iowa miezi minne kutafuta kazi, mke na watoto wakabaki Louisville mpaka shule zifunge. Hiyo ni miezi minne ya anwani tofauti, na wakiulizwa kila mmoja kwa wakati wake majibu yatagongana. Mama na ajaze daftari lake mwenyewe. Kliniki ya uzazi, kadi za chanjo za watoto, darasa la Kiingereza, barua za msaada wa chakula, sahihi yake kwenye fomu za shule: huko ndiko jina lake liliko. Mikataba mingi pia huorodhesha wakaazi wote wa nyumba kwenye ukurasa wa ndani, hata kama aliyesaini ni mmoja. Na kuanzia leo, familia yoyote ambayo bado ina mwaka mmoja au miwili ya kusubiri iweke walau bili moja na akaunti moja ya benki kwa jina la mama.

Kwenye safu ya anwani andika mahali ulipoishi kweli. Sanduku la posta halihesabiki kama makazi. Hoteli ya wiki za mwanzo, nyumba ya hifadhi, bweni la chuo, miezi miwili kwenye kochi la shemeji, vyote ni makazi na vinaandikwa.

Hapa ndipo penye hofu kubwa kuliko zote, nami sitaki kupita haraka. Kuna nyumba ambazo watu wanaogopa kuziandika. Uliishi kwa dada yako ambaye nyumba yake inalipiwa na serikali, na jina lako halikuwemo kwenye mkataba. Ukiandika, unahofia utamchongea. Au ulitumia anwani ya rafiki ili bima ya gari ishuke bei, au ili mtoto apate nafasi kwenye shule nzuri zaidi. Au wewe na mwenzio mlitengana miezi sita, mkarudiana, na hamtaki kuyafukua. Au mmekuwa mkipeleka kodi ya mapato kila mtu kivyake kama watu wasiooana, kwa anwani mbili, kwa sababu aliyewajazia fomu aliwaambia mtarudishiwa fedha nyingi. Haya yanatokea katika familia zenye heshima zao. Ushauri wangu ni mmoja: usiweke anwani ya uongo kuziba anwani ya kweli. Nenda kwa mwanasheria wa uhamiaji, au kwa mwakilishi aliyeidhinishwa na Wizara ya Sheria ya Marekani, umweleze jambo lilivyo kabla ya kupeleka chochote. Mashirika mengi yanayopokea wakimbizi yana wawakilishi kama hao, na wengine hutoza kidogo au hawatozi kabisa. Kodi ya mapato iliyojazwa vibaya inaweza kurekebishwa. Miezi ya utengano inaweza kuelezwa. Anwani ya kubuni iliyosainiwa chini ya adhabu ya sheria ni jambo jingine kabisa. Anayeomba kwa njia ya miaka 3 ya ndoa awe mwangalifu zaidi, kwa kuwa haki yake ya kuomba mapema imejengwa juu ya kuishi pamoja na mwenzi wake aliye raia, na anwani za wawili hao ndizo zitakazotazamwa kwanza.

Ukishapanga anwani zako utagundua jambo jingine. Sheria inamtaka mtu asiye raia aitaarifu idara ya uhamiaji, USCIS, ndani ya siku 10 kila anapohama, kwa fomu AR-11 au kupitia akaunti yake ya mtandaoni ya USCIS. Kubadilisha anwani posta hakutoshi, kwa kuwa posta haiipelekei USCIS taarifa hiyo. Wengi hawajawahi kuambiwa, na wakijua wanashawishika kuficha nyumba ambazo hawakuzitangaza. Usizifiche. Toa taarifa ya anwani ya sasa leo hii, na nyumba za zamani ziandike kwenye fomu kama zilivyokuwa.

Upande wa kazi una kanuni rahisi na mtego mmoja mkubwa. Kanuni ni kwamba kila kazi inaandikwa, ya muda wote na ya muda mfupi, pamoja na shule uliyosoma katika kipindi hicho. Miezi ya kukaa bila kazi nayo inaandikwa kwa neno la fomu yenyewe, "unemployed". Kutokuwa na kazi hakumnyimi mtu uraia, na mama aliyekaa nyumbani kulea watoto hana sababu ya kujitafutia kazi ya kuandika.

Mtego ni jina la mwajiri. Muulize kijana anafanya kazi wapi, atakutajia ghala au kiwanda anachoingia kila asubuhi. Tazama karatasi yake ya mshahara, utakuta jina jingine kabisa, la wakala wa ajira za muda. Kisheria mwajiri wake ni wakala huyo anayemlipa na kumkata kodi. Baada ya miezi mitatu ghala likamwajiri moja kwa moja. Hapo ni mwajiri wa pili, ingawa mlango ni ule ule na msimamizi ni yule yule. Kuna mwaka ambao mtu alipitia mawakala watatu na anakumbuka kiwanda kimoja tu. Ndiyo maana nasisitiza W-2. Kila mwajiri hutoa W-2 baada ya mwaka kwisha, yenye jina lake kamili na anwani yake. Weka W-2 zote za miaka mitano mezani, uhesabu waajiri wa kila mwaka, ulinganishe na daftari. Aliyepokea 1099 kwa kazi ya DoorDash, Uber au usafi wa kujitegemea alikuwa mfanyakazi huru, na kwenye fomu huandikwa "self-employed".

W-2 zimepotea? Idara ya kodi, IRS, inatoa bila malipo muhtasari wa mapato na mishahara yaliyoripotiwa na waajiri wako, hata ya miaka 10 nyuma. Unaupata kwenye akaunti yako ya mtandaoni, au kwa posta kwa fomu 4506-T. Majina mengine kwenye muhtasari huo hufichwa sehemu, lakini kiasi cha fedha na mwaka vitakukumbusha. Akaunti ya Social Security hukuonyesha bure jumla ya mapato ya kila mwaka tu. Ukitaka majina na anwani za waajiri wote, kuna fomu SSA-7050, nayo inalipiwa. Kabla hujalipa, omba ripoti yako ya The Work Number, huduma iliyo chini ya Equifax ambako kampuni nyingi kubwa hupeleka kumbukumbu za wafanyakazi wao. Ripoti ya mhusika mwenyewe ni bure, na mara nyingi ina kitu ambacho W-2 haina: tarehe uliyoanza na tarehe uliyoacha.

Tarehe hizo zikikosekana, taarifa za benki zinasaidia. Mshahara wa kwanza kuingia humaanisha ulianza kazi wiki moja hadi tatu kabla, na wa mwisho hukuonyesha mwisho. Barua pepe ya kukukaribisha kazini, picha ya beji uliyomtumia mdogo wako kwa furaha, ujumbe wa kumwomba msimamizi ruhusa ya msiba, vyote vina tarehe.

Kazi za mkononi nazo ni kazi. Dada anayesuka nywele sebuleni kwake, mama anayepika sambusa na chapati za harusi, anayelea watoto wa wenzake kwa fedha taslimu, mzee anayerekebisha magari uani: hao wamejiajiri. Wengi hawaandiki kwa sababu hawakuripoti mapato hayo kwenye kodi. Kuacha kuandika hakulifuti deni la kodi, na swali la kodi liko ndani ya fomu hiyo hiyo. Mwone mtaalamu wa kodi kwanza, upeleke marekebisho, uanze kulipa au upatane na IRS namna ya kulipa, ndipo uombe uraia. Na kama uliwahi kufanya kazi kwa akaunti ya mtu mwingine, au mtu alifanya kazi kwa jina na namba yako, hilo usilijaze na jirani mezani. Lipeleke kwa mwanasheria.

Safu ya safari hujazwa haraka. Kumbukumbu za kutoka na kuingia zinapatikana kwenye tovuti ya I-94 ya idara ya forodha na mipaka, kwa kutumia namba ya hati ya kusafiria, nawe uzioanishe na mihuri na tiketi. Ila tazama safu zote tatu kwa pamoja. Ulikwenda Bukavu kumuuguza baba miezi saba: je, kazi iliendelea kukusubiri au iliisha? Nyumba iliendelea kulipiwa? Safari inayozidi miezi 6 huibua swali kama ulivunja ukaazi wako wa mfululizo, na majibu yake yamo humo humo kwenye safu ya nyumba na safu ya kazi. Usiandike kwamba ulikuwa kiwandani Dayton mwezi ambao pasipoti inasema ulikuwa Kongo.

Jambo dogo linaloharibu fomu nyingi: Wamarekani huandika mwezi kwanza, kisha siku. Kwetu 03/07/2021 ni tarehe tatu Julai. Kwao ni Machi 7. Katika daftari andika mwezi kwa jina lake, na ubadilishe kuwa tarakimu unapojaza fomu tu. Hakikisha pia jina la mtaa limeandikwa lilivyo kwenye mkataba, pamoja na namba ya chumba.

Kabla ya kutuma, tafuta ulichokwisha kuiambia serikali. Ulipoomba kadi ya kijani ulijaza fomu I-485, au ubalozini ulijaza fomu ya viza, nazo ziliuliza anwani na kazi vilevile. Majalada hayo yapo, na afisa huwa nayo mbele yake. Kama huna nakala, omba jalada lako USCIS kwa sheria ya uhuru wa habari; ombi hufanywa mtandaoni. Mkimbizi ana sababu ya ziada ya kulisoma, kwani huenda aliyemhoji kambini kupitia mkalimani aliandika kijiji, kazi au tarehe tofauti na alivyosema. Wenye siku ya kuzaliwa ya Januari 1, waliyopewa kwa sababu hakuna aliyejua tarehe halisi, wanajua jinsi karatasi moja inavyoweza kumfuata mtu. Kosa la zamani likionekana mapema hurekebishwa kwa maelezo. Likionekana kwa mara ya kwanza kwenye chumba cha usaili, huleta maswali.

Tarehe ambayo umeitafuta kila mahali na hukuipata, iandike kwa makadirio, na kwenye sehemu ya maelezo ya ziada mwishoni mwa fomu useme ni makadirio na kwa nini. Mwenye nyumba alifariki, kampuni ilifungwa, nyumba iliungua. Makadirio yaliyotangazwa ni jibu la kweli. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya Divna Maslenjak, mkimbizi kutoka Bosnia, ikasema kwamba ili mtu ahukumiwe kwa kosa la kupata uraia kinyume cha sheria na kuupoteza kwa sababu ya uongo, lazima uongo huo uwe na mchango katika kuupata. Wengine husikia hivyo wakadhani uongo mdogo hauna neno. Una neno. Sheria inahesabu ushahidi wa uongo uliotolewa chini ya kiapo kwa lengo la kupata haki ya uhamiaji kuwa doa kwenye tabia njema ya mwombaji, hata kama jambo lenyewe ni dogo. Kukosea mwezi kwa bahati mbaya si uongo. Kubuni nyumba ni uongo.

Kuna sababu mpya ya kuyajua pia majina ya watu wa kila mahali ulipoishi na ulipofanya kazi. Sheria inaruhusu serikali kuchunguza mwombaji mahali alipoishi na alipofanya kazi katika miaka mitano iliyopita, lakini utaratibu huo ulikuwa umewekwa kando tangu 1991. Agosti 2025 USCIS ilitoa waraka wa kuurudisha, na waraka huo unasema mwombaji anaweza kuombwa barua za majirani, waajiri au wafanyakazi wenzake. Kwa hiyo ongeza safu ya tano kwenye daftari: kwa kila nyumba, jirani mmoja aliyekufahamu, kwa kila kazi, msimamizi au mwenzako mmoja, pamoja na namba yake ya simu. Wapigie wangali wanakukumbuka.

Anayekusaidia kujaza, awe mchungaji, shangazi au kijana anayejua kompyuta, ana sehemu yake ya kusaini kwenye fomu kama mwandaaji, na mkalimani ana ya kwake. Anayekataa kusaini huku akitaka fedha, mwondokee. Siku ya usaili utakula kiapo, na afisa atapitia majibu yako moja baada ya jingine. Peleka daftari na nakala za karatasi. Kama umehama au umebadilisha kazi tangu utume ombi, mwambie mwenyewe mapema. Afisa husahihisha fomu pale pale, na nawe unasaini mwishoni kuthibitisha masahihisho.

Baada ya kuapishwa, usitupe daftari. Raia anayetaka kumleta mzazi, mke, mume au ndugu yake hujaza fomu I-130, na fomu hiyo inamuuliza yeye, mwombaji, anwani na kazi zake za miaka mitano. Endelea kuongeza mstari mmoja kila mwezi, wewe na mwenzio kila mtu kwenye ukurasa wake, na mtoto aliyefikisha miaka 18 mfungulie wa kwake.